Maji ya Ng'ombe Wawili

Kwa akina mume wangu hakuna anayeulizwa ana ng'ombe wangapi. Nilijifunza hilo wiki yangu ya kwanza katika boma lile. Nilikuwa nimeketi mlangoni mwa jikoni na mama mkwe, natafuta la kuzungumza, na ng'ombe wakawa wanarudi kutoka kunyweshwa. Nikawanyooshea kidole na kuanza: mmoja, wawili, watatu. Mama mkwe aliweka chini kibuyu alichokuwa anakisafisha, akakishika kidole changu, akakikunja polepole mpaka kikaingia kiganjani, kisha akaendelea na kibuyu chake. Mume wangu ndiye aliyenieleza baadaye, huku akicheka, kwamba nilikuwa karibu kuimaliza mali ya familia kabla sijaonja hata maziwa yake.

Mimi ni mtoto wa kambi. Wazazi wangu walitoka Kisii kuja kuchuma majani katika mashamba makubwa ya Kericho, nikazaliwa na kukulia katika nyumba za wafanyakazi, ambako kila kitu huhesabiwa: kilo za majani, siku za kazi, hata mitungi kwenye bomba. Usipohesabu mwenyewe, mwingine atakuhesabia, na ujue tu kwamba hesabu yake haitakupendelea. Nilipoolewa huku juu, karibu na Sigowet, kwenye vishamba vidogo vya chai, mahindi na ng'ombe wa maziwa, nilikuta watu wanaoamini kinyume kabisa. Kwao, kutaja idadi ya ng'ombe au ya watoto ni kuyaonyesha mabaya mahali pa kupiga. Ukimuuliza mtu ana watoto wangapi, atakuambia, "Wako." Ukimuuliza ng'ombe, atakuambia, "Wako kidogo." Na wote ni watu wa kanisa, Jumapili hawakosi.

Watoto wangu walipoanza kusema, nikamwita mama mkwe kama walivyomwita wao, Kogo, yaani nyanya. Kogo hakuwa na makuu. Shamba lilikuwa la marehemu mumewe, chai ilikuwa ya mwanawe, jikoni tuligawana mimi na yeye kwa kununiana kidogo kidogo. Kilichokuwa chake peke yake ni ng'ombe. Alijua tabia ya kila mmoja, nani mlafi, nani ana wivu, nani hukataa kukamuliwa ukiwa umevaa leso mpya. Mchana jua likikaza aliwateremsha mwenyewe kwenda kunywa, anawasemesha njia nzima, na mimi nilikuwa namwonea wivu kwa sababu hakuna aliyewahi kunisemesha kwa upole ule.

Maji yenyewe yalikuwa chemchemi iliyo chini ya chai yetu, pale miteremko miwili inapokutana. Juu kulikuwa na kisima kidogo cha mawe, cha watu. Maji yalitoka hapo yakaingia kijito, na kijito ndicho walichonywea ng'ombe wa mteremko mzima. Alfajiri ni wanawake na mitungi, mchana ni ng'ombe, jioni ni punda na watoto wa shule. Hata Januari na Februari, visima vya kwingine vikiwa vimebaki tope, pale palikuwa na maji. Mto upo, lakini uko chini kabisa bondeni, na kwenye mteremko ule ng'ombe mwenye mimba akishuka huna hakika kama atapanda.

Kisha mtu akakodi ardhi kubwa juu yetu. Aling'oa chai yote iliyokuwa hapo akapanda avokado, akajenga tangi kubwa, na siku moja tukakuta tangazo mlangoni kwa chifu: mwenye avokado ameomba kibali cha kuvuta maji kwenye chemchemi, na yeyote anayeyatumia maji hayo aseme. Nilisoma tangazo lile mara mbili. Nilimwambia mume wangu kwamba hii chemchemi ikienda, ng'ombe wa mama yako wanaenda. Akasema chemchemi ni yetu tangu zamani, nani atathubutu. Mume wangu ni mtu mzuri lakini ana ugonjwa wa kuamini kwamba jambo lisipozungumzwa litachoka lijiondokee.

Ofisi ya maji ya Kericho ilimtuma kijana mmoja kuja kutuelimisha. Tuliketi kwenye nyasi za shule, wanaume upande wao, sisi wanawake upande wetu. Alikuwa kijana mwenye adabu, viatu vyake vimeshika matope mekundu mpaka juu, na aliongea wazi. Alisema kisheria maji si ya mwenye shamba, ni ya serikali, na serikali huyagawa kwa kibali.

"Sasa sikieni, wazazi wangu," alisema. "Hatuwezi kuwawekea maji ambayo hatujui mnatumia. Nyinyi mtuandikie matumizi yenu. Watu wangapi, ng'ombe wangapi, mitungi ngapi. Tukishajua hiyo yenu, tunaiweka kando na kibali yenu. Ile itabaki ndio tunaweza kumpea mtu mwingine."

Mimi nilimwelewa mara moja. Kadiri unavyoandika mengi, ndivyo yanavyobaki machache ya mwenye avokado. Nilitazama huku na huku nikidhani kila mtu ameelewa hivyo. Kumbe walikuwa wamesikia neno moja tu, matumizi. Na kwetu matumizi ni zile hela za sukari na sabuni ambazo mume humwachia mkewe, na mke wa matumizi makubwa hasifiwi na mtu. Tulipokuwa tunashuka kwenda nyumbani nilimsikia mzee jirani yetu akiwaambia wenzake, "Huyu kijana ni mjanja. Anataka kuona nani anaharibu maji. Mtu ako na matumizi mingi hapewi kitu." Nikamwambia, "Mzee, ni kinyume." Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni, na mimi nilikuwa nimekaa pale miaka ya kutosha kuzaa na kuzika.

Ofisi ilitutaka tuunde kikundi cha kuomba kibali, nami nikachaguliwa katibu wake kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kila boma lilikuwa na fomu yake, na sharti lilikuwa kwamba mwenye boma asomewe alichoandikiwa, akubali, kisha atie sahihi au dole gumba. Nilianza kwa mzee jirani nikidhani nikimpata yeye wengine watafuata. Tuliketi mbele ya nyumba, mkewe akaleta chai. Nyuma ya nyumba ng'ombe wake walikuwa wanatafuna na kupumua kwa kishindo, ilibidi tuongee kwa sauti.

"Ng'ombe wangapi, mzee?"

"Wako kidogo tu."

"Kidogo si nambari. Fomu inataka nambari."

Akafikiri. "Andika moja." Kisha akajirudi. "Hapana, moja ni aibu. Andika mbili."

"Mzee, mimi nawasikia hapa nilipokaa."

"Unasikia nini?"

"Nasikia ng'ombe wako!"

"Wewe andika mbili," alisema, akanisogezea chai. "Mbili ni ya mtu wa kawaida."

Habari ya ng'ombe wawili ilifika kila boma kabla yangu. Nilipokuwa napiga hodi tayari mtu amesimama na jibu lake, wawili, na uso umetulia kabisa. Kwenye maji ya nyumbani walishindana kujinyima. Mama mmoja mwenye watoto tele aliniapia kwamba kwake mtungi mmoja unafika kesho yake. Nikamuuliza wanaoga na nini. Akasema, "Hawa si watu wa kuoga sana." Na huyo ni mama ambaye watoto wake huja kanisani waking'aa mafuta. Nilikasirika mpaka nikacheka, na nikicheka nao walicheka, tukaachana vizuri, na fomu ikabaki na uongo wake.

Nilikwenda kwa mchungaji. Nilimwomba aseme Jumapili kwamba kuhesabu si dhambi na wala si uchawi, na kwa kweli alisema. Alihubiri vizuri sana, kwamba Mungu mwenyewe anahesabu nywele za vichwa vyetu, kwamba hofu hizi ni za giza tulimotoka. Watu wakasema amina. Jumatatu nikampelekea fomu yake.

"Bwana amenibariki," akasema.

"Amekubariki na ng'ombe wangapi, mchungaji?"

Alitazama fomu, akatazama zizi lake, akakohoa. "Unajua, dada, mke wangu hatapenda." Naye nikamwandikia wawili.

Fomu yetu niliiacha mwisho. Nilimwambia mume wangu kwamba sitaandika uongo nyumbani kwangu, akasema hizo ni mali za mama, niongee na mama, akachukua jembe akatoka. Nikamkuta Kogo jikoni anachochea moto. Nikamweleza yote kuanzia mwanzo, polepole. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alielewa, na hilo ndilo lililonivunja moyo zaidi. Yeye peke yake katika mteremko mzima alielewa kwamba nambari kubwa ndiyo ingetuokoa.

"Nimesikia," alisema. "Lakini siwezi. Andika mbili."

"Kogo, karatasi haiui ng'ombe."

"Wewe ulikuwa wapi wakati walihesabu zetu?"

Akanihadithia jambo ambalo hata mume wangu hakulijua lote. Alikuwa bibi arusi mpya. Wakaja watu kwenye josho, wakapanga ng'ombe wa baba mkwe wake mstari mmoja, wakawahesabu kwa sauti na kumpaka kila mmoja rangi mgongoni, eti dawa italetwa. Dawa haikuja. Ugonjwa ndio uliokuja, na boma likawa tupu. Mzee yule alikuwa akienda kila asubuhi kusimama zizini na fimbo yake, zizi halina kitu, na hakukaa sana naye akafa.

Nilimwambia Kogo kwamba labda ugonjwa ulikuwa umeshaingia, na ndiyo sababu wakaja kuhesabu.

"Labda," alisema. "Hiyo wewe umejua na shule. Mimi nilichimba shimo ya kuzizika."

Ningeweza kuandika idadi ya kweli na kumsomea nyingine, hajui kusoma, na nakiri wazo hilo lilinipitia. Lakini ofisi ilisema asomewe akubali, na dole gumba lilikuwa lake. Niliandika wawili. Akabonyeza dole lake kwenye wino, akalibonyeza kwenye karatasi, akanishukuru.

Nilizipeleka fomu Kericho mwenyewe. Yule kijana wa ofisi alizipokea kwa furaha, akajumlisha kwenye kompyuta yake palepale, akatabasamu. "Nyinyi ni watu mnatunza maji," alisema. "Hongera sana." Nilitaka kulia. Nikamwambia ukweli: kwamba hakuna boma hata moja lenye ng'ombe wawili, kwamba kwetu watu hawahesabu, kwamba akija mchana akasimama penye kijito ataona kwa macho yake.

Alinisikiliza vizuri. Hakunidharau, na ningefurahi kama angenidharau, angalau ningepata mtu wa kumchukia. "Madam, mimi nakuamini," alisema. "Lakini siwezi andika kitu nimeona. Naandika kitu wamesaini. Rudi, waambie warekebishe, kabla tufunge faili."

Nikarudi. Nilizunguka tena boma moja baada ya jingine. Safari hii chai haikuletwa. Watu walikuwa wameshachoka na mimi, na kulikuwa na maneno chini kwa chini kwamba huyu Mkisii anataka sana kujua mali za watu, na kwa nini? Mzee jirani aliniambia kwa upole kwamba karatasi ikishatiwa sahihi ni vibaya kuigeuza, serikali itatuona waongo. Nilisimama kwenye njia, kati ya chai yake na chai yetu, nikaona kwamba tumeshindwa. Mwenye avokado hakuwa ametufanya lolote. Hata kumwona tulikuwa hatujamwona.

Kwenye baraza la kusoma uamuzi watu walikuja wengi, wamevaa vizuri, wana matumaini. Kijana alisoma. Kikundi chetu kimepewa kibali, alisema, na watu wakapiga makofi. Kisha akasoma kipimo. Maji ya kutosha mahitaji yote tuliyoyaandika, na kidogo cha ziada. Yanayobaki amepewa aliyeomba, atayavuta kwa bomba kutoka kwenye jicho la chemchemi, na kijito kitaachiwa sehemu yetu.

Makofi yalikatika. Watu wakaanza kugeukiana. Mtu akauliza ng'ombe watakunywa wapi. Kijana akasema watakunywa hapohapo, maji ya ng'ombe yamehesabiwa, wawili kwa kila boma. Nilitazama wazee wangu wote wanaume, nikawangoja mmoja asimame aseme mimi nina hawa na hawa. Mzee jirani alikuwa anatazama viatu vyake. Mchungaji alikuwa anatazama mawingu.

Aliyesimama ni Kogo. Alisimama kwa shida, akijisukuma kwa mkono wake begani kwangu, na sikuwa nimewahi kumwona akiongea mbele ya wanaume kabla ya siku ile.

"Mimi nilidanganya," alisema. "Zangu si mbili."

Akaanza kuwahesabu. Alihesabu kwa Kipsigis, kwa sauti ndogo: *agenge*, akamtaja rangi na pembe, *aeng'*, akamtaja, *somok*, akamtaja. Kijana hakujua Kipsigis, ikabidi nisimame nitafsiri: mmoja, yule mweusi mwenye paji jeupe. Wawili, yule wa kijivu, binti yake. Watatu, yule anayechechemea. Mbele yetu wanawake walifunika midomo. Mama mmoja alianza kusema, "Kogo, wacha, wacha," na Kogo hakuacha. Alifika kumi akaendelea. Alitaja mpaka ndama aliyezaliwa wiki ile, ambaye alikuwa bado anamficha hata machoni pa jirani. Alipomaliza alimtazama kijana, akangoja.

Kijana alikuwa amevua kofia. "Mama," alisema, "pole sana. Pole kabisa. Faili imefungwa. Hii uamuzi imetoka kwa mkubwa, mimi nimetumwa kusoma tu." Akaeleza kwamba kuna rufaa, inapelekwa Nairobi, inahitaji wakili. Alieleza kwa urefu na kwa heshima. Kogo hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameshaketi.

Tulirudi mimi na yeye kwa njia ya mashambani. Wachumaji walikuwa ndani ya chai na vikapu vyao migongoni, wakatusalimu, nikaitikia kwa niaba yetu wawili. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na kijana kwa adabu yake, na mume wangu kwa jembe lake, na wazee kwa viatu vyao. Yeye nilishindwa kumkasirikia. Nilikuwa nafikiria nitamwambia nini, kwamba tutapata wakili, kwamba Mungu yupo, na kila nililofikiria lilikuwa takataka.

Tulipofika mahali ambapo kijito kinavuka njia, alisimama. Maji yalikuwa bado yanapita kama kawaida, bomba halijawekwa.

"Wewe mama," aliniita.

"Naam, Kogo."

"Hii maji imeenda."

"Imeenda, Kogo."

Alitikisa kichwa. Nyumbani ng'ombe walikuwa wameanza kulia, walikuwa na kiu, saa yao ya kunywa ilikuwa imepita. Aliwasikiliza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyewaona watoto wake wakisimama barabarani na gari linakuja.

"Imeenda kabisa," alisema. "Na mimi nimeshazihesabu."